Mwenye Funguo za Jiko: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA JUMAMOSI ILIYOPITA: Likizo ya Salama ya siku 28 imekwisha, na Jumatatu anatakiwa ofisini. Mdogo wake aliyekuwa akimlea Tariq amepata chuo Dodoma. Dei kea ya mtaani ilimpokea mtoto kwa bashasha, mpaka Salama alipochungulia sufuria ya uji wa saa nne. Madada wa kazi wawili wamekuja na wamerudi walikotoka. Jumamosi jioni mlango unagongwa tena. Salama anafungua. Binti amesimama kizingitini, mkono mmoja kabeba mfuko wa nguo, mwingine kashika kikaratasi cha karanga za kukaanga. Na anatafuna.

SASA ENDELEA...

Najua mlichotabiri wiki nzima. Kwamba Salama atapiga ukunga. Kwamba kandambili itaruka.

Wala.

Salama alifanya jambo moja tu. Aliusukuma mlango ukabaki uwazi wa kiganja, akauzuia kwa mguu.

"Shikamoo dada," binti akasema, shavu limejaa.

"Marahaba. Meza kwanza."

Akameza.

"Naitwa Zawadi. Nimetumwa na Mama Rose wa Buguruni."

Mama Rose mnamkumbuka, dalali wa madada, yule wa simu tatu na kitabu kimoja. Salama akavuta pumzi.

"Mama Rose alikwambia nini kuhusu mtoto wangu?"

"Niliambiwa mtoto hapendi karanga."

Hapendi! Hebu sikia. Salama alimwambia Mama Rose, tena kwa kurudia: mwanangu ana aleji kali ya karanga, akila anaweza kufa. Mama Rose akamwambia shemeji yake wa Vingunguti: yule mtoto ana mambo yake na karanga. Shemeji akamwambia Zawadi: mtoto hapendi karanga. Ndivyo habari za mjini zinavyosafiri.

Salama alikuwa ameshafungua mdomo kusema "Rudi ulikotoka." Neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Ndipo binti akauliza.

"Kwani akila inakuwaje, dada?"

Swali dogo hilo, unaweza kuliruka. Usiliruke. Dada wa kwanza alijibu "Hakuna shida!" hata maelezo hayajaisha. Wa pili aliitikia "Nimekuelewa, mama" kila baada ya sentensi, kisha saa moja baadaye mtoto alipolia akataka kumnyamazisha kwa biskuti aliyotoka nayo kwenye pochi. Wote wapole. Wote wenye adabu za kutosha kuozesha. Hakuna aliyeuliza inakuwaje.

Salama akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake. Wakazungumza barazani.

Inakuwaje? Nitakueleza kama alivyoelezwa Zawadi.

Tariq alikuwa na miezi minane. Salama alinunua unga wa lishe sokoni, ule wa mchanganyiko: mahindi, ulezi, mtama, soya, na karanga ndani yake. Uji wa kumnenepesha mtoto, kila mama anaujua. Alimpa vijiko viwili.

Kwanza midomo ilivimba. Vipele vikatokea shingoni, vikashuka kifuani. Akatapika. Kisha kilio kikaanza kukauka, mtoto analia lakini sauti haitoki.

Majirani wakajaa. Mmoja akasema kijicho. Mwingine akasema degedege. Wa tatu alikuja na mafuta ya nyonyo na kisu cha kuchanja. Salama hakumsubiri wa nne, alibeba mtoto akakimbia.

Hospitalini daktari hakuuliza hadithi. Alimchoma Tariq sindano ya adrenalini kwenye paja, upande wa nje. Dakika chache tu, mtoto akalia kilio cha kweli, cha kupasua masikio. Salama alisema hajawahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Baadaye daktari akamwelekeza. Mwili wa huyu mtoto unaiona karanga kama adui aliyevamia, kwa hiyo unajibu kwa nguvu zote kwa wakati mmoja. Mishipa ya damu inatanuka, presha inashuka, njia ya hewa inabana. Ikifika hapo, dawa ya kwanza ni adrenalini. Piriton inatuliza muwasho, haifungui koo.

"Kwa hiyo," Zawadi akasema taratibu, "nilichoshika hapa ni sumu."

"Kwake yeye, ndiyo."

Binti akakikunja kile kikaratasi, akavuka barabara, akampa mlinzi wa nyumba ya pili. Akarudi akaenda moja kwa moja kwenye bomba la uani. Salama, kwa kumpima, akamnyooshea kichupa cha sanitaiza.

"Sabuni haipo, dada?"

"Ipo. Kwa nini?"

"Hii itakausha mafuta ya karanga yabaki hapohapo mkononi."

Salama akairudisha sanitaiza mfukoni. Ndivyo alivyomfundisha daktari: sanitaiza inaua vijidudu, na karanga si kijidudu. Inatakiwa kuondoka, na kinachoiondoa ni maji na sabuni. Zawadi akanawa, akasukutua, akabadilisha hata blauzi. Ndipo mlango ukafunguka kwa upana wake.

Umeshampenda? Taratibu.

Salama alikuwa na mtego wake. Kila dada aliyekuja aliwekewa pakiti ya biskuti mezani, kisha Salama anajifanya kaenda chooni na kumwacha Tariq akinung'unika. Wa pili alinaswa hata kabla ya mtego kutegwa. Sasa zamu ya Zawadi. Salama akajibanza nyuma ya pazia.

Tariq akanyoosha kidole. "Bisi."

Zawadi akaichukua pakiti. Akaigeuza. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaisogeza karibu na dirisha. Kimya kirefu.

Akairudisha mezani.

"Dada!" akaita. "Njoo unisomee. Mimi niliishia la nne, maandishi madogo hivi siyawezi."

Nyuma ya pazia, Salama alihisi tumbo limeporomoka.

Hajui kusoma vizuri. Huyu ndiye atakayeachiwa mtoto ambaye uhai wake uko kwenye maandishi madogo ya nyuma ya pakiti? Angalia mtihani huo. Wanaosoma hawaulizi, na anayeuliza hasomi.

"Sasa siku mimi sipo, utasomewa na nani?" Salama akatokeza, hasira na huzuni vimechanganyika.

"Siku haupo hatakula chenye pakiti," Zawadi akajibu. "Atakula nilichokipika mimi kwa mikono yangu, kwa vitu ulivyonipa wewe." Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepima kama aseme au amezee. "Ila dada, naomba niulize. Ugali wenu ni wa sembe ya dukani?"

"Dona. Baba Tariq analeta mahindi kutoka Tunduma, anaendesha lori. Tunasaga wenyewe. Sitaki unga wa watu."

"Mnasaga wapi?"

"Mashine ya pale kona."

"Pale wanasaga na lishe?"

Salama hakujibu. Hakuwa na jibu.

Zawadi akakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaongea kwa mfululizo.

"Mimi nimefanya kazi mashineni Manzese, dada. Asubuhi kina mama wanaleta lishe, ulezi na karanga humohumo. Karanga zina mafuta, unga wake unagandia ndani ya mashine. Hakuna anayefungua kuosha, foleni ndefu. Akija mtu na mahindi yake, tunamimina. Mahindi ya huyo anayefuata ndiyo yanayosafisha mashine."

Mahindi ya anayefuata ndiyo yanayosafisha mashine.

Salama akaketi chini, sakafuni kabisa. Unajua alichokuwa akikikumbuka? Vipele. Vile vya kuzunguka mdomo wa Tariq, vinavyokuja baada ya chakula cha jioni na kuondoka, siku vipo, siku havipo. Alishabadilisha sabuni. Alishaacha maziwa wiki nzima. Alishalaumu joto la Dar es Salaam. Kumbe kila alipokuwa wa pili kwenye foleni ya mashine, alikuwa anabeba nyumbani karanga za mwenzake kwenye ndoo yake mwenyewe, akimlipa mwenye mashine kwa kazi hiyo.

Yeye, aliyesoma kila lebo ya kila kopo Tabata nzima.

"Unaanza kesho," akasema.

"Bado," Zawadi akajibu. "Nina sharti."

Mshahara walishapatana, hilo si letu. Sharti lilikuwa jingine.

"Funguo za jiko nikae nazo mimi. Mtu akiingia jikoni bila mimi kujua, akashika sufuria, akakoroga na mwiko wake, siwezi kukujibu mtoto kala nini. Ukitaka nikujibu, nipe funguo."

Dada wa kazi anaomba funguo za jiko la mwenye nyumba! Kuna wanawake nawafahamu wangemrudisha Buguruni kwa miguu usiku uleule. Salama alifungua droo, akampa.

Jumapili ikawa ya mafunzo.

Juu ya kabati la sebuleni kuna kopo la buluu. Ndani yake mna kalamu za sindano, za adrenalini, dozi ya mtoto. Huku kwetu kuzipata ni shughuli, hizi zilitumwa na shangazi yake Salama anayeishi Muscat, na daktari akazikagua. Mpya ziko mbili, kila moja kwenye mrija wake wa plastiki. Na kulikuwa na moja iliyopitwa na wakati.

Mbili. Hebu iweke akilini hiyo hesabu, nitakudai.

Ile ya zamani waliifanyia mazoezi kwenye chungwa. Salama akamwonyesha: unaishika kwa ngumi, unatoa kofia ya buluu, ile ncha ya rangi ya chungwa ndiyo inayokwenda pajani, upande wa nje, hata juu ya suruali. Unakandamiza mpaka isikike, unashikilia.

Zawadi akaishika. Kidole gumba kikapanda juu, kama mtu anayebonyeza kalamu ya kuandikia. Tena kaishika kichwa chini.

"Kidole!"

Binti akaruka.

"Ukiishika hivyo, dawa yote inaingia kwenye gumba lako na Tariq anabaki mikono mitupu. Ngumi. Kidole kisipande kokote."

Walirudia bila kutoa kofia mpaka Tariq mwenyewe akaanza kuigiza kwa kijiko. Ndipo wakalichoma chungwa. Tak! Juisi ikaruka, wakacheka wote watatu. Bahati ya kucheka, bwana, huwa inatoka kabla ya mambo.

Kwa kuwa Zawadi hasomi, Salama alichora. Aliazima kalamu za rangi kwa Junior, mtoto wa Mama Neema jirani, akajaza karatasi kubwa na kuibandika mlangoni. Picha ya kwanza, mdomo uliovimba na mtoto anayekohoa. Ya pili, kalamu na paja. Ya tatu, mtoto kalala chali, miguu imeinuliwa kwenye mto, na kama pumzi inambana basi akae, miguu mbele, asisimamishwe wala kutembezwa. Ya nne, bajaji. Kwenye kitochi cha Zawadi, namba 2 ukiibonyeza kwa muda inampigia Salama, namba 3 inampigia Mudi wa bajaji. Kutoka hapo ni hospitali ya Amana, hata kama mtoto kashaanza kucheka.

"Hata akipona?"

"Hata akipona. Inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na isipotulia baada ya dakika tano, unatumia ya pili."

Jioni Junior alikuja kuchukua kalamu zake. Ni mtoto mchangamfu, hakuna kabati asilolipanda. Alizikusanya mwenyewe, akazihesabu kwa sauti mpaka kumi na mbili, zote zimetimia, akaondoka anaruka.

Sisemi kitu. Napita tu.

Jumatatu ilipita salama. Jumanne nayo. Salama alipiga simu kila alipopata nafasi ofisini, huko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mpaka mhasibu mwenzake akamuuliza kama ana mchumba mpya. Kila asubuhi Zawadi alipanda kigoda, akafungua kopo la buluu, akahesabu mirija. Mmoja, miwili. Akafunga.

Jumanne usiku unga mpya uliwasili, wa mashine inayosaga mahindi matupu. Vipele mdomoni mwa Tariq havikuonekana. Salama alilala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Unadhani ningekuandikia simulizi ili Salama alale?

Jumatano, saa mbili asubuhi, mlango uligongwa kwa fimbo.

Zawadi akachungulia. Bibi wa makamo ya uzee, kilemba kimelegea kwa safari, kanga mbili, kiroba miguuni. Bibi Nyamizi! Mama mzaa Baba Tariq, kutoka Tabora, ambaye alitarajiwa Ijumaa. Basi lilimfikisha stendi ya Magufuli usiku wa manane, akalala palepale kusubiri mapambazuko.

Na ndani ya kiroba? Asali, naam, Tabora bila asali ni Tabora gani. Michembe. Na karanga. Debe zima la karanga, mpya, kutoka shamba lake mwenyewe.

Zawadi akapiga magoti. "Mwangaluka, bibi."

Uso wa Bibi ukafunguka. "Hee! Binti wa wapi wewe?"

"Wa Nzega."

"Mjukuu wangu kabisa!" Akainua mguu kuingia. "Nibebee hicho kiroba, kipeleke jikoni."

Hapa ndipo ningependa uweke chai yako chini.

"Kiroba kitabaki barazani, bibi."

Bibi alidhani hakusikia vizuri. "Kitabaki wapi?"

"Barazani. Kina karanga. Nimeambiwa hazivuki mlango."

"Umeambiwa na nani, katika nyumba ya mwanangu?"

"Na mama yake Tariq, bibi."

Basi Bibi akaketi kizingitini na kuifungua kesi. Kwamba yeye kazaa watoto saba na wote wamekulia kwenye karanga. Kwamba mambo ya aleji yameanza na hawa wanaozaa mjini. Kwamba mtoto huzoeshwa kidogokidogo. Na kwamba, hili sasa alilitamka kwa ushindi, hata redioni kwenye basi alimsikia daktari anasema watoto wapewe karanga mapema.

Na ujue, Bibi hakudanganya. Utafiti huo upo. Ulitoka London mwaka 2015. Watoto 640 wenye ukurutu mkali au aleji ya mayai walianza kufuatiliwa wakiwa na miezi 4 hadi 11, na walipofika miaka mitano, waliolishwa vyakula vya karanga tangu uchanga walipata aleji yake kwa uchache sana kuliko waliozuiwa. Ndiyo maana ushauri wa madaktari ulibadilika. Ila watoto ambao kipimo cha ngozi kilishaonyesha mzio mkubwa wa karanga hawakuingizwa kabisa kwenye utafiti ule. Ile ni habari ya kuzuia aleji isije. Ya Tariq ilishakuja zamani, na ilikuja kwa vijiko viwili. Sehemu hiyo ama redio ilikatika, ama Bibi alisinzia.

Zawadi hakujua lolote kuhusu London. Alijua kiroba.

Alifanya jambo ambalo mimi mwandishi nisingeliweza. Aliingia ndani, akatoka na beseni, birika la maji ya vuguvugu na sabuni. Akapiga magoti tena.

"Umetoka mbali, bibi. Nikunawishe, ndipo umshike mjukuu wako."

Nani anakataa kunawishwa? Bibi alinyoosha mikono. Zawadi aliiosha mpaka viwiko, akampa maji ya uso, akampa na ya kusukutua. Karanga zote za njia ya Tabora mpaka Mbezi zilimwagika kwenye maua, Bibi akidhani ni heshima. Na heshima ilikuwepo pia.

"Na kanga, bibi, nikupe safi nifue hizo..."

"Utanivua na nguo?"

Zawadi akarudi nyuma hatua moja. Kiroba alishakishinda. Mikono alishaiosha. Bibi wa watu, kafika sasa hivi, umwambie avue na kanga? Wewe ungemwambia?

Bibi akaikaza kanga yake kiunoni. Kwenye pindo lake kulikuwa na fundo dogo. Umeliona? Kina bibi hufunga humo nauli. Hufunga na ugoro. Hufunga chochote.

Akamtwaa Tariq, akambeba mbele kwa kanga ileile, akaanza kumwimbia. Mtoto akatulia kifuani, pindo mdomoni.

Zawadi akafunga jiko, funguo shingoni, akatoka uani kuanua nguo.

Saa tatu kasorobo, simu ya Salama iliita ofisini. Baba Tariq, kutoka foleni ya malori Tunduma.

"Mama Tariq! Huyo mtumishi wako kamfungia mama yangu mlango!"

"Mama amefika?"

"Kaketishwa kizingitini na kiroba chake! Kanipigia kabla hata hajaingia, analia! Namtaka huyo binti aondoke leo."

"Baba Tariq, kiroba kina nini?"

"Kina nini, kina nini! Ni mama yangu!"

Simu ya Salama ikatoa mlio. Kuna mwingine anapiga. Akaangalia. Zawadi.

"Subiri kidogo Baba..."

"Sisubiri! Unanikatia simu kwa sababu ya dada wa kazi?"

Mlio ukakoma. Ukaanza tena.

"Nikimfukuza leo, kesho mwanao anashinda na nani?" Salama akauliza.

Upande wa pili kimya. Akakata. Akapokea.

Alichokisikia kwanza ni pumzi za mtu aliyetoka kukimbia.

"Dada. Mdomo wa Tariq."

"Umevimba?"

"Umevimba, na anakohoa. Bibi anaapa hakumpa kitu. Kalamu nimeshaishika."

"Kidole?"

"Ngumi. Hakijapanda."

"Choma!"

Tak. Salama aliisikia, naapa aliisikia, kutoka bandarini mpaka Tabata. Kisha kilio. Kikubwa, cha kupasua masikio. Alipofungua macho alikuwa ameshafika ngazi za chini, pochi kaiacha mezani, anaisimamisha bodaboda kwa mikono yote miwili.

Mudi wa bajaji alikuwa Kimanga, kapeleka abiria, anarudi mbio. Tariq kalazwa, miguu juu ya mto. Bibi analia chini. Uvimbe umeanza kushuka. Zawadi aliyatoa yote hayo kwa simu, moja baada ya jingine, akifuata picha za mlangoni.

Bodaboda ilikata Uhuru, ikafika Buguruni Sheli. Taa nyekundu. Malori mbele, malori nyuma. Simu ikaita tena.

"Dada, kinarudi. Alikuwa ametulia, sasa anakohoa kile cha kavu. Nimemkalisha. Sauti inakwenda."

"Mudi?"

"Hajafika."

"Dakika tano zimepita?"

"Zimepita."

"Sikia, mdogo wangu, usiogope. Panda kigoda, chukua mrija wa pili. Nisikie ukifungua."

Alisikia kigoda kikiburuzwa. Alisikia kopo. Alisikia kifuniko cha mrija kikitoka, pop.

Kisha hakusikia kitu.

"Zawadi? Zawadi! Choma!"

"Dada..." Sauti ya binti ilikuwa imepauka. "Humu hamna sindano."

"Unasemaje? Mrija si umeushika?"

"Mrija ninao. Ila ndani kuna kalamu ya kuchorea. Ya kijani."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO